Kamba ya Mgomba kwenye Friza ya Miembeni

Mahali penye baridi kuliko pote ninapopajua habari zake si kilele cha mlima wala ncha ya dunia, wala si ile anga tupu iliyo kati ya nyota na nyota. Ni ndani ya kopo la shaba lenye ukubwa wa debe, lililoning'inizwa katika chumba cha chini cha chuo kimoja cha Ulaya. Ndani ya kopo hilo kuna uzi, na kando ya uzi huo unywele wa kichwa chako ungeonekana kama gogo. Ukiusukuma mara moja tu unatetemeka, na kwa sababu baridi ya mle inakaribia kabisa kikomo ambacho baridi haiwezi kukivuka, hauchoki upesi. Unaweza kupanda ngazi, ukachemsha chai, ukainywa taratibu, ukarudi na kuukuta bado unatetemeka kwa msukumo uleule. Kikiugusa kitu chepesi mno, kitu ambacho hakuna mizani ya kawaida inayokihisi, mtetemeko wake hubadilika kidogo, na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hulisoma badiliko hilo. Mtu huyo ni Audax. Tulilala chumba kimoja Miembeni, mjini Bukoba, mwaka mzima wa kidato cha sita, na nimemwonea wivu tangu hapo.

Haya ya kopo na uzi niliyasikia kwa masikio yangu mwaka huu, katika ukumbi wa shule yetu ya zamani. Audax alikuwa amekuja kumzika mama yake Kamachumu, na mkuu wa shule akamwomba azungumze na wanafunzi kabla hajaondoka. Nilikaa safu ya pili na kinasa sauti changu magotini, kwa mazoea tu, maana kazi ya redio nimestaafu. Nimewahoji mawaziri, nimewahoji wakulima wa kahawa waliokasirika, lakini siku ile nilikikagua mara tatu kama kinanasa. Alisimama bila karatasi. Suti nyeusi ya msiba ilimkaa vizuri, na hilo nalo nililiona. Aliongea Kiswahili cha shule, akachovya Kihaya mahali pa kuchekesha, na Kiingereza mahali pasipo na njia nyingine. "Watu wanadhani kazi yetu ni baridi," alisema. "Baridi ni nusu. Nusu nyingine ni jinsi unavyoushika uzi. Mtetemeko huvujia pale ulipofungwa." Msichana mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono. "Shikamoo Profesa. Wazo hilo ulilipata wapi, huko Ulaya?" Audax akacheka. "Hapahapa Bukoba, binti. Kwenye friza ya samaki. Tulikuwa tunapima kama waya unalia zaidi ukiwa na baridi. Tukafurahi, tukadhani ni baridi. Siku moja chai ikamwagika, nikatazama, nikasema: si baridi, ni kamba." Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilibaki na lile neno "nikasema". Kote kwingine alikuwa ametumia "tu". Hapo tu ndipo alipokuwa peke yake.

Chumba chetu kilikuwa uani kwa Ma Leokadia, mjane aliyeuza barafu za rangi kwa wanafunzi na sato waliogandishwa kwa wenye migahawa. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na kiambaza cha mbao kilichotutenga na friza. Friza ilinguruma mchana kutwa, tukaizoea hata ikawa ikinyamaza ndiyo tunashtuka. Umeme ulipokatika Ma Leokadia alikuja mbio kuchukua mablanketi yetu aifunike, ubaridi usitoke. Blanketi langu ndilo lililotangulia siku zote. La Audax lilifuata kama la kwangu halikutosha, na kwa kawaida lilitosha. Kwa hiyo mwaka ule nilinuka samaki na Audax hakunuka. Darasani waliniita Sato. Yeye naye aliniita hivyo, kwa upole, kama mtu anayekupa jina la heshima.

Nilikuwa natoka Ngenge, naye Kamachumu, na kwa watoto wa Kamachumu sisi wa Ngenge tulikuwa watu wa jua kali na mahindi. Kwao kulikuwa na kahawa, migomba minene na shule kila upande. Tena yeye alikuwa Mkatoliki, akienda misa ya kwanza pamoja na Ma Leokadia na kumbebea mwavuli. Mimi nilikwenda kwetu kwa Walutheri na kurudi nikawakuta wamekwisha kunywa chai. Ijumaa tulikula vichwa na mikia ya sato waliobaki, pamoja na bitoke, ndizi zetu za kupika, vilivyopikwa na maharage. Ma Leokadia aligawa kwa sauti. "Audax, kichwa. Eliudi, mkia." Siku moja nikathubutu kuuliza kwa nini. "Ninyi Walutheri mnaimba mno," akasema. "Mwiba ukikukwama kooni, kwaya yenu itanidai." Walicheka wote wawili, na Audax akanimegea nusu ya kichwa chake, akaniwekea ukingoni mwa sahani yangu. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na nilimchukia kwa kunimegea.

Mama yake alikuja kumwona mara moja, kabla ya mvua za vuli. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na alileta mkungu wa ndizi pamoja na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alitukalisha kitandani kwa Audax. Alichukua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa kucha, akatoa zile punje mbili zilizolala kifua kwa kifua ndani yake, akampa mwanawe moja na mimi nyingine. "Tafuneni," alisema. Tukatafuna. "Basi. Sasa ni ndugu. Aliyekula kahawa na mwenzake hamnyang'anyi." Alisema kama mtu anayefunga mlango wa nyumba, jambo limekwisha. Zamani watu wa kwetu walichanganya na damu. Yeye alituachia kahawa peke yake, kwa kuwa, alisema, kesho mna mtihani. Kisha akaniuliza mama yangu hajambo, akatengua mkungu wake na kunipa kichane kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Nilikitazama baada ya yeye kuondoka nikawaza kwamba hata undugu nimepewa na mama wa Audax.

Kazi ya waya ilianza kwa utani. Jirani yetu Ta Felisiani alikuwa mpiga enanga, kile chombo chetu cha nyuzi kilicho kama trei ndefu ya mti, na alikuwa akipita uani kila alipotoka harusini. Asubuhi moja ya ukungu alikaa kwenye ngazi, akaigonga enanga yake, akatuambia kwamba chombo kikiwa na baridi kinalia hadi kinasahau kunyamaza. "Na mpigaji akiwa na baridi?" Ma Leokadia akamuuliza. "Mpigaji hana budi apashwe moto kwa pombe ya rubisi, Ma." Wakati huo Mwalimu Kaijage wa fizikia alikuwa ametuagiza kila wawili tufanye jaribio, na jaribio bora lingepelekwa kwenye maonyesho ya shule Mwanza. Tukatazamana. Nani kati yetu alitazama friza kwanza sijui, na hilo sijawahi kulidai.

Tulichukua ubao wa mvule, tukapigilia misumari miwili, tukakaza kati yake uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Waya ukawa unateleza. Tukafanya walichofanya watu wote tuliowajua tangu tuzaliwe: tukalowesha kamba ya mgomba na kufunga. Kwetu kamba ya mgomba hufunga kuni, hufunga mlango wa zizi, hufunga paa na mzigo wa senene. Haihesabiki kama kifaa. Mwanafunzi wa Mwanza angetafuta skrubu, na labda ndiyo maana asingekosea kama sisi. Tulipochora mchoro wa jaribio kwa ajili ya Mwalimu Kaijage tulichora ubao, misumari, waya na friza. Kamba hatukuichora, wala yeye hakuuliza.

Tulipiga waya nje ya friza, kisha tukauacha ndani pamoja na sato, tukautoa na kuupiga tena. Mwalimu alikuwa ametuazima saa, lakini saa ilipokwama tulipima kwa sala. Nje ya friza mlio ulikufa hata mbingu hazijatajwa. Ukitoka kwenye baridi ulifika mbali zaidi. "Umefika kwenye 'riziki'!" nilipiga kelele. "Kwenye 'mkate'," alisema Audax, maana Baba Yetu ya Wakatoliki inasema mkate pale sisi tunaposema riziki, na tulibishana hivyo wiki nzima kuhusu neno, wakati kipimo chetu kilikuwa kilekile. Hizo zilikuwa siku nzuri. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimeishi miaka mingi nikikumbuka zaidi blanketi. Tulikaa sakafuni magoti yakigusana, masikio karibu na ubao, pua zikitoka kamasi kwa ajili ya baridi ya friza, na kwa kitambo kile sikuona blanketi la mtu wala mama wa mtu.

Halafu chai. Ilikuwa Jumamosi mchana, Ma Leokadia alikuwa upande wa pili wa kiambaza akipanga samaki. Ubao ulikuwa umetoka tu, waya umefunga ukungu mweupe kama sukari. Nilikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi, kimojawapo cha vikombe vya harusi vya Ma Leokadia, nikakiweka ubaoni, kikapinduka. Chai ya moto ikamwagika upande mmoja wa ubao, juu ya kamba. Kikombe kikavunjika. Waya katikati ulibaki mweupe vilevile, na mmoja wetu akaupiga kwa kidole, nadhani kwa hasira tu. Ulitoa mlio mfupi, butu, kama kugonga gunia. Tulinyamaza. Waya wenye baridi, mlio uliokufa. Kamba ilikuwa imelainika upande ule, inachuruzika. Upande wa pili ilikuwa bado imeganda, ngumu kama mfupa. Ndipo sentensi ile ikasemwa, kwa Kihaya: si baridi, ni kamba. Siku zote hizo tulikuwa tunapima barafu ya kamba yetu, tukidhani tunapima waya. Ilipoganda ilishika, ilipolainika mtetemeko ulivujia ndani yake ukaishia humo.

Ninaikumbuka sentensi hiyo ndani ya mdomo wangu. Nakumbuka ulimi ulivyowasha kwa tangawizi nilipoitamka. Nimeisimulia kwa mke wangu, nikawasimulia wanangu, na nilipokuwa kijana redioni niliwahi kumsimulia mwenzangu mmoja aliyeniambia acha majivuno.

Jumatatu tulimpelekea Mwalimu Kaijage ubao. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema jambo hili litakwenda Mwanza. "Ila programu ina mzungumzaji mmoja. Nani aligundua?" Nilimtazama Audax, Audax akanitazama. Kila mmoja wetu alikuwa amekula kahawa. "Sisi, Mwalimu," alisema Audax. "Sisi wawili," nikasema. Mwalimu akatupima kwa macho, mmoja baada ya mwingine, akavuta hewa puani. Sijui kama alinusa samaki. "Basi aende Audax, Kiingereza chake kinateleza." Nilibeba ubao hadi bandarini, nikamkabidhi mwenzangu akiwa tayari amepanda melini. Mwanza alisimama mbele ya waamuzi akaeleza kamba. Mhadhiri mmoja aliyekuwa miongoni mwao akamwandikia barua ya kumtambulisha, na kutoka barua hiyo njia ikanyooka hadi kwenye lile kopo la shaba. Mtihani wa mwisho tulifaulu wote. Mimi nilipata nafasi ya kusomea uandishi wa habari. Ni kazi nzuri. Nimeipenda. Lakini kila usiku wa baridi, pale ninapojifunika, mkono wangu hulipeleka blanketi puani kabla sijaamua kufanya hivyo.

Siku mbili kabla ya Audax kuondoka nilipanda Kamachumu kumuaga. Matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa, lakini nyasi zilizotandazwa uani zilikuwa bado, na viti vya kukodi vilikuwa vimerundikwa chini ya migomba. Nilikuwa nimehudhuria mazishi na nilikuwa nimeona watu walivyofurika hadi barabarani. Nilikuwa nimewaza, Mungu anisamehe, ni wangapi watakaonijia mimi. Tulikaa kibarazani. Alikuwa amekonda usoni na amevaa kandambili za marehemu mama yake, zikimwacha visigino nje. "Sato," aliniita. "Hujabadilika." "Nimeacha kunuka." Akacheka hadi akashika tumbo, kisha akafuta macho, na sikujua ni kicheko au ni mama.

Nilimuuliza kuhusu kazi kwanza, kama ninavyoanza na kila mtu. Alisema uzi wao sasa wameuning'iniza kwa namna ambayo pale unaposhikwa karibu hakuna chochote cha kuvujia. "Na bado unavuja," alisema. "Kidogo mno. Tumeongeza baridi hadi tumechoka, tumesafisha, tumechonga upya. Mahali fulani kuna kamba ya mgomba ambayo hatujaichora." Nilitaka kuuandika mfano ule, ulikuwa mzuri, nikachukia kwamba ni wake. Ndipo nikauliza. "Audax. Ile sentensi. Nani aliisema?"

Hakujifanya kwamba hajaelewa. "Mimi," alisema.

"Mimi naikumbuka nikiisema mimi."

"Waitu, ndugu yangu Eliudi. Wewe ulimwaga chai. Hilo nawaambia watu siku zote."

"Siku ile ukumbini hukusema nani alimwaga."

"Sikusema?" Alishangaa kweli, au alijua kushangaa. "Basi kosa langu, nitasema. Lakini sentensi naikumbuka mdomoni. Pamoja na tangawizi. Nilikuwa nimetoka kukunyang'anya kikombe nikanywa funda moja, ndiyo maana ukakiweka ubaoni kwa hasira." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kahawa ya kutafuna aliyoikuta kwenye kabati la mama yake. Alipasua tunda, akanipa punje moja. "Ya mwisho aliyokausha mwenyewe," alisema. Nikaitia mdomoni. Sikuwa tena na la kuuliza nikiwa natafuna kahawa ya mama yake.

Lakini mazoea ya kazi ni mazoea. Chumba kile kilikuwa na watu wawili, na upande wa pili wa kiambaza kulikuwa na mtu wa tatu. Juma lililofuata, Audax akiwa amekwisha kuruka, nilikwenda Miembeni. Ma Leokadia bado anaishi palepale. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, friza haipo, yeye haoni vizuri lakini anasikia hata mjusi akitembea. Nilimwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili. "Huyu ni Mlutheri," alisema. "Umekuja kulipa kikombe?" Alikuwa amekwisha sikia habari za msiba. Alimlilia kidogo yule mama mfupi, akauliza kama Audax amenenepa, akaniuliza kama anakula vizuri huko kwa Wazungu. Kuhusu mimi hakuuliza kama nimekula, akaniletea tu chakula. Bitoke na maharage, na juu yake kichwa cha sato.

Nilisubiri nimalize. Kisha nikamuuliza kama anaikumbuka Jumamosi ile, na aliyesema si baridi, ni kamba. Sikumwambia Audax amesema nini wala mimi nasemaje. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuuliza.

"Naikumbuka," alisema. "Nilikuwa nimeinama kwenye samaki. Kikombe kililia, nikasema moyoni, kimekwenda hicho. Halafu kimya. Ninyi mlikuwa hamnyamazi, kwa hiyo nikasikiliza."

"Sauti ya nani, Ma?"

"Pua zenu zilikuwa zimeziba wote. Mlikuwa mnaongea kama mtu mmoja." Alipapasa meza akatafuta sahani yangu, akahakikisha kwa vidole kwamba kichwa cha samaki kimebaki mifupa tu. "Tena haikusemwa mara moja, mwanangu. Ilisemwa mara mbili. Mmoja alisema, mwenzake akairudia palepale, neno kwa neno."

Nilimuuliza wa kwanza alikuwa nani. Aliuelekeza uso wake pale friza ilipokuwa. Alisema hajui.